Mtawala na Dhima ya Jinai: Uhakiki wa Mlango Mmoja katika Kitabu cha Abdul-Qadir Auda

Kila sifa njema ni za Allah (s.w.), Mola Mwadilifu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake. Amma baad.

Kitabu kiitwacho At-Tashrii al-Jinai al-Islami, cha hakimu wa Misri Abdul-Qadir Auda, ni katika vitabu ambavyo mwanafunzi wa fiqhi aliyesoma Kiarabu hukutana navyo mapema. Mwandishi amezilinganisha hukumu za jinai za Kiislamu na kanuni zilizotungwa na wanadamu. Katika juzuu ya kwanza, anapoeleza sheria inawahusu watu gani, ameweka mlango juu ya usawa, na ndani yake amezungumza juu ya mkuu wa nchi: je, akiua, akipiga au akichukua mali ya watu, anashitakiwa kama raia?

Mlango huu ndio unaosomwa sana na wahubiri wetu, na humo ndimo inamotoka kauli tunayoisikia mimbarini kila mara, kwamba Uislamu hauna mkubwa mbele ya sheria ilhali sheria za wanadamu zinawalinda wakubwa. Kauli hii ina ukweli mkubwa ndani yake, lakini haijakamilika, na kuacha kuikamilisha kumetudhuru. Makala hii inajaribu kuonesha alipopatia mwandishi, alipopungukiwa, na yanayotuhusu sisi tunaoishi chini ya sheria za Tanzania.

ALIYOYASEMA MWANDISHI

Auda anaanza na katiba za Ulaya zilizomfanya mfalme kuwa mtu asiyeguswa na mahakama, kisha anapita kwa wakuu wa nchi za kigeni, mabalozi na wabunge, akionesha kila mmoja alivyopewa kinga. Upande wa pili anaweka kauli za mafaqihi. Imamu Malik, Imamu Shafii na Imamu Ahmad wanaona kuwa mtawala anashikwa kwa kila kosa, liwe haki ya Allah au haki ya waja. Imamu Abu Hanifa ametofautisha. Imamu ambaye hakuna imamu juu yake hasimamishiwi hadi, kwa sababu yeye ndiye mwenye jukumu la kuzisimamisha, na mtu hajisimamishii mwenyewe. Ama kisasi cha damu na mali za watu, anashikwa kwavyo, kwani mdai wake ni mja mwenye haki yake. Masuala haya yamo katika Al-Hidaya ya Al-Marghinani (aliyefariki mwaka 593 H), na Auda ameyanukuu kisha akaitia nguvu kauli ya jumhur.

Hebu tuzingatie jambo hili. Hata katika madhehebu iliyompunguzia mtawala, hakuna faqihi aliyesema kwamba damu ya raia au mali yake inapotea kwa kuwa aliyeichukua ni mtawala. Katika hilo madhehebu zote nne ziko pamoja.

ALIPOPATIA

Dalili za msimamo huu ni nyingi, na zilizo na nguvu zaidi ni zile zinazowahusu watumishi waliokuwa kazini.

Ya kwanza ni ya Abu Jahm bin Hudhayfa, aliyetumwa na Mtume (s.a.w.) kukusanya zaka. Mtu mmoja akabishana naye juu ya zaka yake, Abu Jahm akampiga akampasua kichwa. Jamaa zake wakaja kudai kisasi. Mtume (s.a.w.) hakuwaambia kuwa huyu ni mtumishi wa dola na alikuwa katika kazi ya dini. Aliwapa fidia, wakaikataa, akawazidishia mpaka wakaridhika. Hadithi hii wameipokea Abu Dawud, An-Nasai na Ibn Majah kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.). Al-Khattabi (aliyefariki mwaka 388 H) alipoifafanua alisema kwamba humo mna hoja ya wajibu wa kisasi juu ya liwali na mtumishi, kama ulivyo juu ya mtu mwingine.

Ya pili ni ya Ibn al-Lutbiyya, waliyoipokea Bukhari na Muslim. Huyu naye alikuwa mkusanyaji wa zaka. Aliporudi aligawa mafungu mawili, moja akasema ni la Waislamu na la pili akasema amezawadiwa. Mtume (s.a.w.) alipanda mimbari akauliza kama zawadi hizo zingemfikia lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake. Sheria za leo zina makosa ya mtumishi kupokea zawadi na kuwa na mali asiyoweza kuieleza, na msingi wake ni swali hilo hilo.

Ya tatu ni ya mwanamke wa Banu Makhzum aliyeiba, na jamaa zake wakamtuma Usama bin Zayd kumwombea. Jibu la Mtume (s.a.w.) linajulikana na kila mwanafunzi. Tusisahau tu kwamba alilolikataa lilikuwa uombezi wa watu wenye jina. Ugonjwa huo haujatutoka.

KASORO YA KWANZA: MIFANO ISIYOPIMWA

Wahubiri wanaojenga juu ya mlango huu huongeza kisa cha Mkibti wa Misri aliyepigwa na mtoto wa Amr bin al-As, akasafiri hadi Madina, na Sayyidna Umar (r.a.) akampa fimbo alipize kisasi. Kisa hiki amekitaja Ibn Abdil-Hakam (aliyefariki mwaka 257 H) katika Futuh Misr, na mwanzo wa sanadi yake umekatika, kwani hakumtaja aliyemsimulia. Hali kadhalika kisa cha mwanamke aliyeitwa na Umar (r.a.), akaingiwa na hofu njiani, mimba yake ikaharibika, na Ali (r.a.) akasema diya ni juu ya Umar. Kimo katika Musannaf ya Abdurrazzaq kwa njia ya Al-Hasan al-Basri, naye hakusikia kwa Umar.

Simaanishi kwamba visa hivi visitajwe. Mafaqihi wamevitaja na wakajengea masuala. Ninachosema ni kwamba mwenye kutoa hoja mbele ya watu waliosoma aanze na hadithi ya Abu Jahm, kisha avilete hivi kwa kuvieleza hali yake. Hoja ikisimama juu ya kisa chenye sanadi iliyokatika, atatokea mwanafunzi wa chuo kikuu akiangushe, na wasikilizaji watadhani hukumu yenyewe ndiyo iliyoanguka.

KASORO YA PILI: HUKUMU BILA KITI

Kasoro kubwa zaidi ni namna ya kulinganisha. Upande wa Uislamu tunaweka hukumu ilivyoandikwa na mifano ya zama za mwanzo. Upande wa pili tunaweka katiba zilivyo na watu wake walivyo. Kulinganisha kwa haki ni kuweka hukumu mbele ya hukumu, na mahakama mbele ya mahakama.

Jumhur waliwajibu Mahanafi kwamba imamu ni naibu wa Umma, basi kadhi anaweza kumhukumu. Jibu ni sahihi kielimu. Lakini hoja ya Abu Hanifa ilikuwa imegusa jambo ambalo historia ililithibitisha. Kama mwenye upanga ni yeye, nani atamwita?

Waislamu walilitafutia jawabu jambo hili, nalo ni Wilayatul-Madhalim. Al-Mawardi (aliyefariki mwaka 450 H, sawa na 1058) amelieleza vizuri katika Al-Ahkam as-Sultaniyya. Baraza hilo lilihitaji haiba ya watawala pamoja na uthabiti wa makadhi, na wakihudhuria walinzi, makadhi, mafaqihi, waandishi na mashahidi. Katika kazi kumi alizozitaja, ya kwanza ni dhulma ya maliwali juu ya raia, na akaeleza kwamba mwangalizi wa madhalim analichunguza hilo bila ya kungoja mlalamikaji. Ya pili ni dhulma ya watoza kodi, na ya tatu ni waandishi wa madiwani. Tazama mpangilio huo! Watu watatu wa mwanzo wote ni watumishi wa umma.

Hata hivyo, Al-Mawardi mwenyewe anatuambia kuwa khalifa wa mwisho wa Bani Abbas aliyekaa kusikiliza madhalim alikuwa Al-Muhtadi. Huyu aliuawa na askari wake wa Kituruki mwaka 256 H. Yaani baraza lilitegemea uchamungu wa mtu mmoja, na mtu huyo alipoondoka likawa vile atakavyo aliye madarakani. Hukumu ilibaki katika vitabu vya madhehebu zote nne, lakini kiti cha kuitekelezea kikawa mikononi mwa anayestahiki kushitakiwa.

Maisha ya Auda mwenyewe ni ushahidi. Mwezi wa Desemba 1954 alinyongwa mjini Cairo kwa hukumu ya mahakama maalumu iliyoundwa na serikali ya kijeshi, na waliokaa kuhukumu walikuwa maafisa waliokuwa sehemu ya utawala huo huo. Mtu aliyeandika kwamba mtawala anashitakiwa kama raia alihukumiwa na watawala. Kitabu chake hakikuweza kumsaidia, kwa kuwa penye mahakama isiyo huru hukumu iliyo nzuri kabisa hukosa mtekelezaji.

SHERIA TULIZOZIKUTA NA TULIZONAZO

Nchi yetu imeonja mapema dhima ya mtumishi isiyo na kiti cha haki. Carl Peters, kamishna wa Kijerumani katika sehemu za Kilimanjaro, aliyejulikana kwa jina la Mkono wa Damu, aliwanyonga mtumishi wake Mabruk mwaka 1891 na msichana aitwaye Jagodja mwaka 1892. Jambo lilipofikishwa katika Bunge la Ujerumani mwaka 1896 likawa fedheha. Mwaka 1897 alihukumiwa, lakini na baraza la nidhamu. Alifukuzwa kazi, hakufungwa. Mwaka 1914 Kaisari akamrudishia pensheni, na mwaka 1937, akiwa ameshakufa, Hitler akaifuta hukumu yenyewe. Roho mbili za watu ziligeuzwa kuwa kosa la utumishi. Mwanafunzi wa fiqhi na ajifunze hapa hila ya zamani sana: kuichukua jinai na kuipa jina la ukiukaji wa maadili ya kazi.

Ama Tanzania huru, sheria yake ina pande mbili, na uadilifu unatutaka tuzitaje zote.

Upande wa kwanza ni kinga. Ibara ya 46 ya Katiba inakataza kumshitaki Rais kwa jinai akiwa madarakani. Akishaondoka, ni marufuku kumshitaki kwa jinai au madai juu ya yale aliyoyafanya akiwa Rais, isipokuwa kama aliondolewa na Bunge kwa utaratibu wa ibara ya 46A. Hapa ndipo sheria hii na fiqhi zinapoachana kabisa. Abu Hanifa alimwondolea imamu hadi, akambakishia damu na mali. Katiba imemwondolea mwenye cheo hicho mashitaka ya vyote alivyovitenda kwa cheo chake, hata baada ya cheo kumtoka. Hakuna madhehebu katika nne iliyofika huko.

Upande wa pili ni kwamba chini ya cheo hicho milango iko wazi, na imewahi kupitwa. Kanuni ya Adhabu ina kosa la matumizi mabaya ya madaraka, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inalo pia. Mwaka 2008 waliokuwa mawaziri, Basil Mramba na Daniel Yona, walifikishwa Mahakama ya Kisutu kwa msamaha wa kodi uliopewa kampuni ya ukaguzi wa dhahabu na kuisababishia Serikali hasara ya shilingi bilioni 11.7. Mwezi wa Julai 2015 walihukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Mahakama Kuu iliwapunguzia ikawa miwili, na mwaka 2016 sehemu iliyobaki waliimaliza kwa kutumikia jamii nje ya gereza. Aliyekuwa Katibu Mkuu katika kesi hiyo hiyo aliachiwa huru. Mtu anaweza kusema adhabu ilikuwa nyepesi. Lakini mawaziri wa nchi walisimama kizimbani kwa sahihi zao, na hilo si dogo.

Kuna pia kesi ya wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wa teksi, waliouawa na polisi Dar es Salaam mwezi wa Januari 2006 wakiitwa majambazi. Tume ya Jaji Kipenka ikaona kuwa hawakuwa majambazi. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia washitakiwa wote. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani afisa mmoja na kumhukumu kifo, na waliobaki, akiwemo mkubwa wao, wakaachiwa.

AMRI YA MKUBWA

Kesi hiyo ya mwisho inatuingiza katika masuala ambayo mafaqihi wameyachambua vizuri mno, nayo ni ya mwenye kuamrisha na mwenye kuamrishwa. Sultani akimwamrisha mtu kuua pasi na haki, na muuaji akajua kuwa ni dhulma na hakulazimishwa, basi kisasi ni juu ya muuaji, kwa kuwa hakuna utii kwa kiumbe katika kumuasi Muumba. Akiwa hakujua, akadhani ni hukumu ya haki, kisasi ni juu ya aliyeamrisha. Akiwa amelazimishwa kwa kitisho cha kuuawa, hapa ndipo penye khitilafu. Malik, Shafii katika kauli yake yenye nguvu, na Ahmad wanasema wote wawili wanauawa. Abu Hanifa na Muhammad wanasema aliyelazimisha peke yake. Zufar akasema aliyetenda peke yake. Abu Yusuf akaondoa kisasi kwa wote wawili kwa sababu ya shubha.

Mgawanyo huu dunia ya kisasa imeufikia kwa njia yake. Mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda ilikaa Arusha, katika ardhi yetu, mpaka mwaka 2015. Hati iliyoiunda ilisema wazi kwamba cheo cha mshitakiwa hakimwondolei dhima, na kwamba mkubwa anawajibika kwa walio chini yake ikiwa alijua au alipasa kujua, akanyamaza. Tarehe 2 Septemba 1998 Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa wilaya ndogo ya Taba, alitiwa hatiani, na siku mbili baadaye aliyekuwa Waziri Mkuu, Jean Kambanda, alihukumiwa kifungo cha maisha baada ya kukiri. Hapo kiti kilikuwepo. Waliokikalia hawakuwa chini ya mkono wa washitakiwa.

Ndugu msomaji, msifie adui wako kwa haki aliyoitenda. Aya ya 8 ya Suratul-Maida inatukataza chuki isitupeleke kuacha uadilifu. Anayesema mimbarini kwamba sheria za wanadamu siku zote huwalinda wakubwa, na Arusha iko nchini mwake, amepunguza mizani.

MASUALA YA MVUVI

Tuyashushe haya hadi Mwamgongo. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Katazo la namna hii, likiwa na maslaha ya wote, kulitii ni wajibu. Tuchukulie basi kwamba katika doria mtumishi anakamata nyavu za mvuvi na kuzichoma, kisha ikadhihiri kwamba zilikuwa nyavu halali zilizohifadhiwa nyumbani. Nani anadaiwa?

Msingi wa fiqhi ni kwamba kukosea kunaondoa dhambi, hakuondoi fidia. Mtumishi akiwa alikosea baada ya kuchunguza, wale wanaomhesabu kuwa naibu wa Waislamu wanaiweka fidia katika baitulmali. Akiwa alijua kuwa ni halali akazichoma kwa chuki au kwa kunyimwa kitu kidogo, fidia inatoka katika mali yake mwenyewe, na juu yake kuna taazir. Akiwa alizichukua akaziuza, amekula mali ya watu, na kazi yake haimfuniki.

Sheria ya nchi nayo ina jawabu. Kosa la makusudi ni jinai, na mashitaka yake yako kwa Mkurugenzi wa Mashitaka. Madai dhidi ya Serikali yanahitaji notisi ya siku 90, kisha shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Kwa mvuvi wa mwambao huu hiyo ni safari ya boti, nauli, wakili na miezi ya kungoja. Haki ipo kwenye karatasi, kiti chake kiko mbali. Ni ugonjwa ule ule tuliouona kwa Al-Muhtadi, umekuja kwa sura nyingine.

KHITIMISHO

Kwa jumla, mlango wa Auda unafaa kusomeshwa, na hukumu aliyoitia nguvu ndiyo yenye dalili. Lakini mwalimu asiishie kwenye kauli ya kwamba sisi tuna usawa na wao hawana. Avisomeshe pamoja na mlango wa madhalim wa Al-Mawardi, na ibara ya 46 ya Katiba, ili mwanafunzi aulize maswali mawili kwa kila dola, ya Waislamu na isiyo yao: hukumu inasemaje juu ya mkubwa, na nani ana uwezo wa kumwita?

Kwa maimamu wenzangu nina nasaha tatu. Kwanza, wafundisheni watu kwamba kuomba haki mbele ya mahakama si fitina wala si kumuasi kiongozi, kwani jamaa za yule aliyepasuliwa kichwa walidai kisasi mbele ya Mtume (s.a.w.) mwenyewe na hawakukemewa. Pili, wakumbusheni kwamba ushahidi ni amana. Aya ya 135 ya Suratun-Nisaa imeutaka utolewe hata dhidi ya nafsi na wazazi, akiwa mtu ni tajiri au fukara. Kesi nyingi za wakubwa hufa kwa kukosa shahidi kabla hazijafa kwa kukosa hakimu. Tatu, msikiti usiwe mahala pa Usama kutumwa tena. Imamu anayempigia simu hakimu kwa ajili ya mtumishi aliyechangia mabati ya msikiti amejiingiza katika lile Mtume (s.a.w.) alilomkataza kipenzi chake.

Wallahu aalam.